Kisu Alichokikalia Mjane

Mambo haya yalimpata mchongaji mmoja ambaye jina lake la kuzaliwa hata majirani walikuwa wamelisahau. Walimwita Kinoo, kwa sababu hakuna siku aliyotoka nyumbani bila jiwe la kunolea mfukoni. Wengine hubeba leso, yeye alibeba kinoo. Asubuhi yalipoanza hapakuwa na dalili yoyote ya ubaya. Binti yake alikuwa chumba cha mbele akishona sare za shule, cherehani ikirindima, na yeye alikuwa kwenye kibanda chake cha uani, juu ya kigoda, akimalizia mwiko wa mteja. Kisu chake kidogo kikagonga fundo la mti, kikakatika shingoni, pale chuma kinapoingia kwenye mpini.

Kisu hicho alikuwa nacho miaka kumi na tisa. Mtu mwingine angesonya, angalau angesema "ah". Kinoo aliviweka vile vipande viwili mezani sambamba, akajikung'uta maranda magotini, akapita chumba cha mbele.

"Naenda kutafuta kisu kingine," alisema.

"Kunywa chai kwanza, Baba."

"Nimekunywa?"

"Hujanywa."

"Basi nitakunywa nikirudi," alisema, akatoka.

Ndivyo alivyokuwa tangu mkewe afariki, miezi saba nyuma. Siku ya msiba hakulia, na baadaye pia hakulia. Alikula akiwekewa, alilala akichoka, alijibu akiulizwa. Wambea walisema ana moyo wa jiwe; wenye huruma walisema machozi ya mwanamume hutiririka ndani. Wote walikosea. Ndani hapakuwa na kitu kinachotiririka. Palikuwa na uzito tu, chini kidogo ya chuchu ya kushoto, kama mtu ameweka kokoto pale akasahau kurudi kuichukua.

Mtaa wa vifaa vikuukuu ulikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Wauzaji walitandika magunia chini, wakapanga misumeno, koleo na vitasa visivyo na milango. Kinoo alipita gunia kwa gunia. Kuchagua kisu cha kuchongea si sawa na kuchagua nyanya, na yeye alikuwa na utaratibu wake. Kwanza alikielekeza kisu kwenye mwanga na kutazama makali: yakimetameta, kisu ni butu, kwa maana makali yaliyonolewa sawasawa hayaonekani. Halafu alitazama kama chuma kimepenya mpini mpaka mwisho au kimechomekwa kidogo tu ili kumdanganya mnunuzi. Mwisho alikishika, akafumba macho, akavuta pumzi kumi. Mahali popote kiganjani pakilalamika, alikirudisha.

"Mzee, unanunua kisu au unaoa?" muuzaji mmoja alimtania.

"Kisu butu ndicho kinachokata watu," Kinoo alijibu. "Kikali kinakata mti." Zamani alikuwa akiisema kauli hiyo kwa madaha. Siku hiyo ilimtoka kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

Alirudisha visu vinane. Mwisho kabisa wa mtaa, alimkuta mjane wa Kobe.

Kobe alikuwa mchongaji wa mtaa wa pili, aliyeitwa hivyo kwa sababu kijiko kimoja kilimchukua wiki nzima. Alikuwa amefariki mwaka huo huo. Mkewe alikuwa amekaa moja kwa moja juu ya gunia, vifaa vya marehemu vimepangwa mbele yake: patasi, tezo, tupa, nyundo ya mti.

"Pole sana na msiba, shemeji," Kinoo alisema.

"Tumeshapoa, shemeji. Na wewe pole na wa kwako. Chagua."

Kinoo alichuchumaa. Hakuona kisu kilichomfaa. Alipotaka kuinuka, jicho lake likanasa kitu chini ya paja la mjane: ncha ya mpini, mweusi, uliong'azwa na mikono.

"Na hicho ulichokikalia?"

Mjane hakutazama chini. "Umekionaje?"

"Mpini umejitokeza."

"Nimekaa hapa tangu saa mbili," alisema taratibu. "Wamepita watu wangapi. Hakuna aliyeuona." Akamtazama usoni. "Nyumbani una nani, shemeji?"

"Binti yangu."

"Anakuhitaji?"

Kinoo alifikiri. "Sijui," alisema, na huo ulikuwa ukweli wake.

Mjane alikichomoa, kimefungwa kitambaa, akakisukuma kwake kwa kidole kimoja kama mtu anayesogeza sahani ya moto. "Chukua bure. Ila usinirudishie. Hata ukija unalia, usinirudishie."

Kilikuwa kisu kifupi, urefu wa kidole cha shahada. Makali hayakuonekana. Kinoo alikishika, akafumba macho, akavuta pumzi kumi, na hakuna mahali palipolalamika. Kwa kweli hakuhisi kitu kabisa. Ilikuwa kama ameshika mkono wake mwenyewe. Mpini ulikuwa na mibonyeo ya vidole, na kila kidole chake kiliingia kwenye bonyeo lake. Hata kovu la gumba lake lilipata mchirizi wake wa kulalia. Alikuwa ameshafika nusu ya njia ya kurudi alipokumbuka kwamba marehemu Kobe alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na yeye ni wa kulia.

Kisu kilichonga vizuri mno. Kilipita kwenye mti mgumu kama kinapita kwenye sabuni. Mchongaji hutazama mlalo wa nyuzi za mti, akageuza upande pale zinapogeuka, la sivyo mti unachanika. Kisu hiki kiligeuka chenyewe. Siku tatu zikapita, kinoo kikalala mfukoni bila kazi, na makali bado yalikuwa hayaonekani. Binti yake alilitambua hilo kabla yake.

"Baba, siku hizi sisikii ukinoa."

"Hakiishi makali."

"Kisu gani hakiishi makali?" Alicheka kidogo, akingoja baba naye acheke. Hakucheka.

Siku ya nne Kinoo alikaa kuchonga kijiko kikubwa cha kupakulia. Mawazo yake hayakuwa popote. Mikono ilikwenda, maranda yakaanguka, jua la saa nane likapenya bati. Aliposhusha macho, mkononi hapakuwa na kijiko. Palikuwa na sikio.

Lilikuwa sikio la mtu, la ukubwa wa mtu, mikunjo yote mahali pake. Juu yake palikuwa na pengo dogo, mithili ya karatasi iliyonyofolewa. Kinoo aliinua mkono akagusa sikio lake la kushoto, kwenye pengo aliloachiwa na waya wa uzio alipokuwa na miaka sita. Mapengo hayo mawili yalikuwa sawasawa.

Aliliweka rafuni. Alipogeuka, binti yake alikuwa amesimama upande wake wa kushoto, hatua mbili, mikono kiunoni.

"Baba! Nimekuita mara tano. Una nini?"

Hakuwa amesikia hata moja.

Mtu yeyote mwenye akili zake angekitupa kisu hicho chooni siku hiyo hiyo. Lakini woga nao unahitaji mahali pa kukaa, na ndani ya Kinoo palikuwa na ganzi tupu. Alijiambia ni uzee. Kesho yake akaendelea na kazi. Siku mbili baadaye akachonga kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na ukucha wake, na mkunjo ule uliopinda kidogo.

Yaliyofuata yalitokea mchana, chumba cha mbele, mbele ya binti yake. Kinoo alikuwa ameingia kuuliza mkasi, akaegemea meza ya kupigia pasi. Binti alinusa kwanza. Ilikuwa harufu ya nyama.

"Baba, mkono!"

Kidole chake kidogo kilikuwa chini ya pasi. Alikuwa amesimama hapo akizungumza habari za mkasi, na ngozi ilikuwa imeshageuka nyeupe. Binti alimvuta, akamwagia maji, akapiga kelele, akalia. Kinoo alikitazama kidole kile kama cha mtu mwingine aliyepanga naye foleni.

"Hakiumi," alisema.

"Hakiumi vipi? Baba, nyama inaonekana!"

"Hakiumi hata kidogo." Na kwa mara ya kwanza katika miezi saba, akatabasamu. Tabasamu hilo lilimtisha binti kuliko ule moto.

Hapa ni lazima lisemwe jambo ambalo Kinoo hakuwa amemwambia mtu. Mkewe aliugua homa siku nne tu. Alasiri ya siku ya nne, Kinoo alikuwa kibandani akikomba tumbo la kijiko, na nyuzi za mti zilikuwa karibu kugeuka, mahali ambapo mchongaji hapendi kuachia katikati. Mkewe akaita kutoka chumbani, "Mwenzangu." Akajibu, "Nakuja." Akaita tena. Akajibu tena. Mara ya tatu sauti ilikuwa ndogo, na yeye akasema, "Nakuja, nakuja," huku akimalizia ukingo. Kijiko kilipokwisha akaenda. Kikombe cha maji kilikuwa juu ya kabati, mahali ambapo mkono wa mgonjwa haufiki. Kilikuwa kimejaa.

Basi sikio lililoitwa mara tatu ndilo ambalo kisu kilianza nalo. Kinoo alilielewa hilo usiku ule akiwa amelala chali, kidole kimefungwa bendeji, hakiumi. Kama kisu kinaweza kuchukua sikio, na kinaweza kuchukua kidole, je, ile kokoto ya chini ya chuchu?

Tangu siku hiyo aliacha kuchonga miiko. Wateja walikuja wakaambiwa kesho. Akachonga nyayo, na kuanzia hapo akawa anatembea akitazama chini, kwa sababu hakujua mguu umekanyaga au la. Akachonga ulimi, na chakula kikawa kitu cha kutafuna tu. Maneno pia yakawa yanamtoka mazito, yamekunjamana. Kila kipande alikiweka rafuni, akakifunika kwa kitambaa. Hakuwa na huzuni wala furaha. Kama angeulizwa angesema anafanya usafi.

Binti alivumilia mpaka akashindwa. Mchana mmoja Kinoo alipotoka uani kuteka maji bombani, aliingia kibandani na kufunua rafu.

Alimwona baba yake, kipande kipande. Aliijua kila alama. Kisha, bila kujua kwa nini, alilichukua lile sikio. Lilikuwa vuguvugu. Alilileta karibu na midomo akanong'ona, kwa sauti ndogo kuliko ile ya mtu anayezungumza na kichanga:

"Baba."

Bombani, ng'ambo ya uwanja, nyuma ya ukuta, maji yakianguka kwenye ndoo kwa kishindo, Kinoo akajibu.

"Nakuja."

Binti aliliacha sikio, akatoka mbio bila kufunga mlango wala kubadili viatu. Baba alikuwa amemwambia ni nani aliyempa kisu. Alimkuta mjane wa Kobe mwisho wa mtaa wa vifaa vikuukuu, gunia limebaki na tupa moja tu. Hakumpa hata salamu.

"Mama, kisu kile."

Mjane alimtazama muda mrefu. "Amefika wapi?"

"Ulimi."

"Kaa chini, mwanangu."

"Sikai."

"Basi sikiliza ukiwa wima." Akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu karibu. "Mume wangu naye alikuwa na lake lililomkaa rohoni. Kilipokuwa kwake, mpini ulikuwa wa mkono wa kushoto. Hubadilika. Kinachukua vyote bila kuomba, isipokuwa moyo. Moyo hakichukui kwa nguvu. Unakipa mwenyewe."

"Na ukikipa?"

"Walioosha maiti waliniita chumbani. Wakaniuliza, mama, mbona umetupa gogo tuoshe?"

"Vile vipande nivichome?"

"Usithubutu!" Ilikuwa mara ya kwanza mjane kupaza sauti. Akairudisha chini. "Mimi nilivichoma, akiwa bado hai. Yeye alikuwa amekaa chumba cha pili. Hakupiga kelele, hakuwa na ulimi wa kupigia kelele. Lakini kiti alichokalia, mwanangu... kile kiti kililia."

Njia ya kurudi binti hakuikumbuka kamwe. Alikumbuka tu kwamba alipofika, uwanja ulikuwa kimya kabisa. Saa tisa mchana. Jua kali. Ndoo ya maji imesimama katikati ya njia, imejaa pomoni. Kutoka kibandani ilitoka sauti ndogo, laini, ya maranda yakianguka.

Kinoo alikuwa kwenye kigoda. Macho ameyafumba. Alikuwa amelikumbatia pande la kiini cha mti, jekundu, la ukubwa wa ngumi, limeegemea kifuani upande wa kushoto. Kisu kilikuwa kinalichonga kuelekea kwake mwenyewe. Mtu huyu alikuwa amefundisha wachongaji kumi na wanane katika maisha yake, na somo la kwanza kwa kila mmoja lilikuwa moja: usikate kuelekea mwilini mwako.

"Baba, kiache."

Hakusikia.

Alimshika bega na kumtikisa. Mwili ulikuwa mgumu, umetulia, hauna joto. Alijaribu kuvibandua vidole vyake kwenye mpini. Havikubanduka. Havikuonyesha hata mahali vidole vinapoishia na mpini unapoanzia. Kisu hakikusimama. Kilikuwa kinamalizia. Lile pande lilishakuwa na umbo, na mishipa yake, na kati ya pigo moja la kisu na jingine lilikuwa linajibana kidogo. Kisha linaachia. Kisha linajibana.

Kifuani mwa Kinoo, chini ya shati, hapakuwa na kitu kinachocheza.

Alilia jina la baba, jina lile ambalo mtaa umelisahau. Akamwomba, akamtukana hata. Alikuwa anaongea na ubao. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha gamba, chembamba kama ganda la kitunguu. Kisu kikainuka.

Binti akaweka kiganja chake katikati.

Kisu butu kingeteleza. Hiki hakikuteleza. Kiliingia kwenye nyama ya gumba kikatokea upande wa pili, polepole, bila haraka, kikagusa mti. Binti hakupiga kelele. Alitoa sauti moja tu, ndogo, kama ya mtu anayeita kutoka chumba cha mbali.

"Baba, inauma."

Damu ilimwagika juu ya lile pande, nyingi, na mti ukainywa. Halikubaki hata tone.

Kinoo akafumbua macho. Akaona mkono, na kisu, na mkono wa nani. Uso wake ulikaa vilevile muda mrefu mno. Kisha kidevu kikaanza kutetemeka. Kiganja chake cha kulia kikaanza kuuma mahali palepale alipochomwa binti yake. Maumivu yale yakapanda mkononi, yakapita begani, yakashuka mpaka kwenye kokoto. Vidole vikafunguka. Kisu kikaanguka sakafuni bila mlio.

Alilia. Majirani waliosikia kilio kile walikuja wakikimbia wakidhani kuna msiba mpya. Ulikuwa ni uleule wa miezi saba iliyopita.

Kisu kilipelekwa kwa mhunzi siku hiyo hiyo, kimeshikwa kwa koleo. Mhunzi alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini alipokitazama hakuuliza kitu. Alikitia kwenye moto wa mkaa, akakipuliza mpaka chuma kikawa cheupe, akakiponda juu ya fuawe mpaka kikawa donge lisilo na sura. Mpini uliungua na harufu ya nywele. Donge akalitumbukiza kwenye saruji mbichi ya msingi wa nyumba iliyokuwa inajengwa jirani, akanawa mikono mara tatu, na jioni ile alifunga kazi mapema.

Vile vipande hawakuvichoma. Walivilaza kwenye sanduku la mbao, juu ya maranda, kama mayai. Vilipasuka vyenyewe, kimoja baada ya kingine, kwa muda wa wiki nne. Kila kimoja kilipopasuka, kiungo chake kilirudi, na kilirudi na madeni yake yote: kidole kiliungua upya, nyayo ziliuma kwa misumari yote iliyokuwa imezichoma. Kinoo alikesha akigugumia. Binti akimuuliza, alisema, "Niache, mwanangu. Inauma vizuri." Wa mwisho kupasuka ulikuwa moyo. Ulipasuka mchana, wakila, kwa mlio wa kijiti kilichovunjwa, na Kinoo akaweka kijiko chini akamtaja mkewe kwa jina. Wakazungumza habari za marehemu mpaka chakula kikapoa.

Hakuchonga tena. Mkono wa binti ulipona, ila vidole viwili vilikataa kukunjika vizuri kushika sindano. Kwa hiyo Kinoo, na miwani yake puani, ndiye aliyekuwa akitunga uzi, akishona vifungo na kupinda pindo, na wateja walimtania kwamba fundi wa kike kapata mwanafunzi mwenye mvi. Sasa alikuwa akicheka.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa ikapita hivyo. Kisha asubuhi moja, ya kawaida kabisa, Kinoo aliteleza kwenye ngazi ya mlango wa mbele, akaangukia mkono wa kulia. Mkono haukuvimba sana, lakini binti alisisitiza waende wakapigwe eksirei. Wakangoja kwenye benchi refu, wakaitwa, picha ikapigwa, wakaambiwa wangoje tena.

Mpiga picha alirudi akiwa ameishika ile picha kwa ncha za vidole. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye sauti ya upole. Hakuzungumza na Kinoo, alizungumza na binti.

"Mkono haujavunjika," alisema. "Lakini njoo uone."

Aliipandisha dirishani, kwenye mwanga wa mchana. Mfupa mrefu wa mkono ulionekana wazi, mweupe. Na kwenye ukingo wake, kuanzia karibu na kiwiko kushuka chini, palikuwa na mikato. Midogo, mifupi, imepangana kwa nafasi sawa, kila mmoja umelala mlalo uleule, kama kazi ya mtu mwenye mkono uliotulia na asiye na haraka.

"Mzee alishawahi kufanyiwa upasuaji?"

"Hapana."

"Hata ngozi haina kovu. Nimeitazama." Akasogea karibu na binti na kushusha sauti. "Hii ya huku juu ni ya zamani, mfupa umeshaanza kujifunika. Lakini tazama hii ya chini." Ukucha wake ulishuka mkato kwa mkato. "Hii ni ya wiki hii. Na huu wa mwisho..." Aligeuka kumtazama Kinoo.

"Mzee, mkono huu hauumi?"

Kinoo alikuwa amekaa kwenye kiti, mkono wa kulia umelala juu ya goti lake, kiganja juu. Aliutazama kama vile alikuwa amesahau kwamba amekuja nao.

"Nilikuwa sijataka kumtia binti wasiwasi," alisema. "Sijausikia tangu juzi."